Nilivyotafuta sahihi 500 baada ya kuachana na chama

Nilirudi katika bunge la kaunti mwaka 2022 bila chama. Wengi huniuliza kuhusu kampeni, lakini kazi ngumu ilikuwa kabla ya kampeni.

Mwaka 2017 nilichaguliwa mwakilishi wadi kwa tiketi ya chama, nami nilikitumikia kwa moyo. Bajeti ya 2021 ilipoletwa, fedha za zahanati ya wadi yetu zilikuwa zimeondolewa. Kuta zimesimama, paa hakuna, na wajawazito wanapakiwa kwenye boda boda usiku. Kiranja wetu, anayesimamia nidhamu ya wanachama bungeni, aliniambia nikubali. Nikakataa. Wiki haikwisha nikatolewa kwenye kamati.

Hapo nikaamua kusimama kama mgombea huru. Katiba ya Kenya inataka uwe si mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na uungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi yako. Kura zilikuwa 9 Agosti, kwa hiyo barua ya kujiuzulu ilipaswa kufika mapema Mei. Tena Kifungu cha 194 kinasema ukijiuzulu kutoka chama kilichokupeleka bungeni, kiti kinakwenda. Nililijua hilo na nikalikubali. Barua moja niliipeleka mwenyewe chamani, nyingine kwa karani wa bunge, na sikuondoka mpaka nakala zangu zote mbili zimegongwa muhuri. Usimtume mtu kazi hii.

Sahihi nilidhani ni kazi ya siku tatu. Kumbe anayemuunga mkono mgombea huru naye hatakiwi kuwa mwanachama wa chama, na Wakenya wengi waliandikishwa vyamani bila habari yao. Tulipoanza kuangalia majina kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, chini ya mwembe karibu na msikiti, karibu kila mtu wa tatu alikuwa na chama asichokijua.

Mama mmoja muuza mihogo aliitazama simu, akanirudishia.

"Mwanangu, mimi chama changu ni kile cha kuzikana. Hawa kitambulisho changu wamekipata wapi?"

Iliniuma sana. Tulimsaidia kujiuzulu pale pale. Jina lake lilipotoka kwenye orodha ya chama, alirudi na leso yake ya Ijumaa, akaandika jina herufi moja moja, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. Tangu siku hiyo hatukumpa mtu kalamu kabla ya kulihakiki jina lake, kwanza vyamani, kisha kwenye daftari la wapiga kura. Ilituchukua wiki tatu. Tulikusanya 680, kwa sababu niliogopa majina mengine kukatwa.

Msimamizi wa uchaguzi alikata 43. Nilipotoka na cheti changu, yule mama alikuwa amesimama langoni juani.

"Langu limekatwa?"

"Halikukatwa, mama. Liko ukurasa wa pili."