Kazi ya Kukumbuka

Simu ya mwalimu iliingia saa nane na nusu mchana nikiwa katikati ya kikao, na kwa kuwa nilikuwa nikieleza makadirio ya robo ya mwaka mbele ya wakuu wangu, niliikata mara ya kwanza, nikaikata mara ya pili, na ilipoita mara ya tatu nikaomba radhi na kutoka nje nikiwa tayari nimeingiwa na hofu. "Habari za mchana, mzazi," alisema kwa utulivu ulionitisha kuliko ambavyo ukali ungenitisha. "Mtoto bado yuko hapa. Leo tulifunga saa sita." Binti yangu mwenye umri wa miaka 8 alikuwa amekaa kwenye ngazi za darasa kwa saa mbili na nusu, mkoba ukiwa mgongoni, akiinua macho kila geti lilipofunguliwa. Mama yake alikuwa safarini kikazi na simu yake haikupatikana.

Nilipomfikia hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Baba, kwani ulikuwa hujui?"

Nilikuwa najua, au tuseme niliambiwa. Wiki 3 kabla ya siku hiyo, tukiwa tunaondoa vyombo mezani, mke wangu alinieleza kwamba angekuwa safarini na kwamba shule ingefunga mapema, nami nikajibu "sawa" kwa sauti ya mtu aliyesikia. Aliporudi usiku ule hakugombana nami. Aliketi, akavua viatu, akakaa kimya kidogo, kisha akasema maneno ambayo hayajanitoka kichwani mpaka leo: "Nilikwambia. Nilichosahau ni kukukumbusha."

Kwa miaka yote ya ndoa yetu nilijihesabu miongoni mwa akina baba wanaosaidia. Nawaogesha watoto, naosha vyombo, namsimamia binti yangu anapofanya kazi za shule, naamka usiku mdogo anapolia, na sifanyi hayo kwa kulazimishwa. Sasa naona kwamba neno lenyewe "kusaidia" lilipaswa kunishtua mapema, kwa sababu msaidizi ni mtu anayefanya kazi ambayo mwenyewe wake ni mwingine. Nikitumwa dawa naleta, lakini aliyegundua kwamba dawa imekwisha si mimi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nilikuwa nimeutazama mzigo wa mke wangu kwa miaka 8 nikiuona mwepesi kwa sababu sehemu yake kubwa haikuwa mikononi mwake, mahali ambapo ningeweza kuiona, bali kichwani.

Jumapili iliyofuata, watoto walipolala, tulichukua karatasi mbili, kila mmoja akaandika si kazi anazozifanya bali mambo anayoyakumbuka kwa ajili ya nyumba bila kukumbushwa na mtu. Yangu ilikuwa na mistari 11, na nilikuwa nimejitahidi. Kulikuwa na bili, matengenezo ya gari, betri ya saa ya ukutani na mengine ya namna hiyo, ambayo karibu yote hujitokeza mara moja kwa mwezi au mara moja kwa mwaka na yanaweza kungoja siku mbili tatu bila mtu kuumia. Yeye alijaza upande wa kwanza, akageuza karatasi, akaendelea. Aliandika kwamba viatu vya binti yetu vimeanza kubana lakini mtoto mwenyewe hasemi kwa kuwa anavipenda. Aliandika tarehe za chanjo, jina la dawa iliyomletea mdogo vipele, rafiki gani wa binti yetu amehama shule na kumwachia huzuni, fomu ipi inatakiwa kurudishwa ikiwa na sahihi kabla ya Ijumaa, nani atakaa na mdogo siku ambayo mlezi wake ana ruhusa, mama yangu mzazi alituambia anakwenda lini kupima macho ili tumpigie kumuuliza matokeo. Hili la mwisho liliniuma zaidi kuliko yote. Alikuwa anamkumbuka mama yangu kwa niaba yangu.

Niliisoma karatasi ile mara mbili, na kilichonishangaza hakikuwa urefu wake bali jinsi mambo yale yalivyotofautiana na yangu kwa asili. Hayana saa ya kuanza wala ya kumalizika. Huwezi kusema kwamba kati ya saa mbili na saa tatu nitakumbuka viatu, kisha nipumzike. Ni mambo yanayokaa na mtu akiwa ndani ya basi, akiwa mbele ya kompyuta ya ofisini, akiwa anamsikiliza mteja, na naamini kwamba ndiyo maana mke wangu alikuwa anaweza kuketi jioni nzima bila kufanya kitu na bado akaenda kulala amechoka, jambo ambalo mimi, nasikitika kusema, nilikuwa nikilitafsiri kwa namna isiyo ya haki.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilieleza kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya malezi na matunzo isiyolipwa duniani, yaani zaidi ya mara tatu ya saa za wanaume. Nilipoisoma takwimu hiyo kwa mara ya kwanza nilijiridhisha kwamba kwangu hali si mbaya kiasi hicho. Lakini hizo ni saa, na kazi ninayoizungumzia haipimwi vizuri kwa saa kwa sababu hufanyika ndani ya saa za kazi nyingine. Shirika hilohilo lilipoanzishwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu kikomo cha saa za kazi viwandani, saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Ulikuwa ushindi mkubwa, na sitaki kuudharau, ila nikiutazama kama mzazi naona kwamba siku ya namna hiyo ilimfaa zaidi mfanyakazi mwenye mtu mwingine nyumbani anayekumbuka yote yaliyobaki. Ilichukua hadi mwaka 1981 kupatikana kwa Mkataba Na. 156, unaozungumzia wafanyakazi wenye majukumu ya familia na kutaja waziwazi wanaume na wanawake kwa pamoja. Sisi nyumbani tulichelewa zaidi ya hapo.

Tulichobadilisha ni kimoja. Badala ya kugawana kazi, tuligawana maeneo mazima, kuanzia kugundua hadi kumaliza. Afya ya watoto ikawa yangu, pamoja na mavazi yao. Shule ikabaki kwa mke wangu, kwa kuwa walimu walikuwa wamemzoea na yeye mwenyewe anaipenda. Sharti letu lilikuwa kwamba mwenye eneo hakumbushwi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Mdogo wetu alitakiwa kupata dozi ya pili ya chanjo ya surua alipofikisha miezi 18, na tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye kadi iliyokuwa kwenye droo ninayoifungua kila siku. Nilipitisha siku 9. Mke wangu aliijua tarehe ile, akaiona ikifika, akaiona ikipita, akanyamaza, na siku niliposhtuka mwenyewe ndipo aliponiambia kwamba alikuwa hapati usingizi. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba afya ya mtoto si mahali pa kumfundishia mtu mzima adabu, naye akanijibu kwamba alikuwa amejiwekea siku ya kumi kuwa mwisho wa kunyamaza kwake, na kwamba kama angenikumbusha siku ya kwanza basi chanjo ingebaki kuwa yake daima. Bado sina hakika kwamba alifanya sawa, na tumelizungumza zaidi ya mara moja bila kukubaliana. Mhudumu wa kliniki alituambia kwamba dozi iliyochelewa hutolewa tu mtoto anapofika, hakuna haja ya kuanza upya, akamchoma sindano, akaandika kwenye kadi. Tangu siku hiyo hakuna tarehe ya kliniki iliyonipita.

Kazini mabadiliko haya yalinigharimu kwa namna ambayo sikuitazamia. Mdogo alipopata homa iliyovuka nyuzi 39 niliomba ruhusa ya siku moja, na swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa, "Mama yake yuko wapi?" Halikuulizwa kwa ubaya, aliyeuliza ni mtu mwema na ruhusa alinipa. Lakini nilirudi kwenye meza yangu nikifikiria kwamba katika miaka yote ambayo mke wangu ameomba ruhusa ya namna hiyo, hakuna hata mara moja aliyoulizwa baba yuko wapi. Swali moja fupi linaweza kumrudisha mwanamume nyumbani akiwa ameamua kutoomba tena, na kwa njia hiyo mzigo ukarudi ulikotoka bila mtu yeyote kutoa amri. Nilieleza kwa ufupi kwamba masuala ya afya ya watoto ni yangu. Mara ya pili swali halikuulizwa.

Halafu kuna jioni, ambayo kwetu ni hesabu isiyo na huruma. Mtoto wa miaka 8 anahitaji kulala kati ya saa 9 na 12, na wetu huamka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo akichelewa sana awe amelala saa tatu usiku. Mimi hufika nyumbani saa moja. Ndani ya saa hizo mbili kuna kula, kuoga, daftari, mkoba wa kesho, na mtoto mwenyewe, ambaye ana habari za siku nzima na huzitoa polepole, kwa kawaida anapokuwa amefunikwa shuka na taa imezimwa. Zamani saa hizo zilikuwa zimejaa maswali kati yangu na mke wangu, nifanye nini, kiko wapi, umeshamwambia nani, na sasa naona kwamba maswali yale ndiyo yaliyokuwa yakila muda wa watoto kuliko kazi zenyewe. Siku hizi kila mmoja anajua lake, nasi huweza kuzungumza mambo mengine. Si kila siku. Wiki ya kufunga mahesabu ofisini bado hunirudisha kuwa mtu wa kuuliza, na mke wangu huvumilia hadi Ijumaa.

Zile karatasi mbili bado tunazo, zimebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mengi yamekatwa kwenye ya kwake na kuhamia kwenye ya kwangu, likiwemo la kumpigia mama yangu. Lakini chini kabisa kwenye upande wa pili wa karatasi yake kuna mstari ambao usiku ule niliupita haraka, nao hatukuweza kuugawa: "Kuangalia kati yetu nani amechoka zaidi leo." Nilipomuuliza wiki iliyopita tuufanyeje, alisema huo haukatwi, kila mmoja awe nao. Niliuandika kwenye yangu kwa kalamu ya risasi, kisha nikaukolezea kwa wino. Jana nilipofungua mlango nilimtazama usoni kabla sijaweka mkoba chini, nikamchukua mdogo kutoka mikononi mwake, naye akaenda kulala saa moja na nusu bila kusema kitu.