Usiku ule mwano haukupigwa

Jumamosi iliyopita nilipanda haisi Nyamhongolo nikashuka Magu, nikachukua boda mpaka nyumbani, na njia nzima watu wananipungia, wazee wananiita kwa jina la marehemu babu maana ndo nilirithi jina lake. Ripota mgeni akifika mahali anaanza kujitambulisha, anaonyesha kitambulisho, watu wanamwangalia kwanza. Mi nakaribishwa uji kabla sijakaa. Na nikishaanza kuuliza kilichonipeleka, uji unabaki mezani na maneno yanaisha.

Miaka mitatu iliyopita bibi mmoja jirani yetu alikatwa mapanga usiku, ndani kwake. Sitamtaja jina, kijiji pia naomba nisitaje. Kipindi hicho nilikuwa korespondenti, nalipwa kwa stori inayotoka, nikaandika aya tatu kwa simu: kikongwe auawa, polisi wasema chanzo ni imani za kishirikina, uchunguzi unaendelea. Ikatoka kesho yake ukurasa wa ndani. Yule bibi nilikuwa nampitia nikitoka shule, ananipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kanga yake, ananiuliza kama mwalimu kanichapa, halafu alivyokufa nikamwandika kama mtu nisiyewahi kumwona. Hilo limenikaa kifuani miaka yote mitatu, na ndo maana nimerudi, sijatumwa na edita yeyote, nauli natoa mwenyewe.

Macho yake yalikuwa mekundu, kweli, na kwetu kikongwe mwenye macho mekundu watu wanamwita mchawi. Lakini kwetu Usukumani kuni zimekuwa shida muda mrefu, watu wanapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, jiko liko ndani, dirisha ni tundu la kupitisha ngumi. Mwanamke akipulizia moto wa hivyo miaka hamsini macho yatakuwaje? Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo hayohayo, yeye alikufa kitandani kwa sababu alikuwa na watoto wa kiume sita wanaoishi naye boma moja. Yule jirani alikuwa mjane, mtoto wake mmoja wa kike kaolewa Sengerema.

Sasa hapo kwenye "imani za kishirikina" ndo nataka tukae kidogo. Hayo maneno yanatoka kwenye taarifa ya polisi, yanaingia gazetini, yanaingia redioni, na kila anayeyasikia anatikisa kichwa anasema ah, Kanda ya Ziwa bwana, imeisha. Hakuna anayeuliza nani alisema ni mchawi, alianza kusema lini, na kabla ya hapo walikuwa wanagombania nini. Sheria ya Uchawi ya 1928 ipo mpaka leo, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa kwa sheria hiyo. Kwa hiyo ukiandika "imani za kishirikina" hujafika mwisho wa stori, umefika mlangoni tu, kuna mtu alitamka na huyo mtu ana jina.

Nilichokipata mpaka sasa ni hiki. Bibi alikuwa na majaruba mazuri ya mpunga chini kwenye mbuga, aliyoachiwa na mumewe. Alishaenda baraza la kata mara mbili kulalamikia mpaka, muhtasari nimeusoma kwa macho yangu, walalamikiwa ni watoto wa shemeji yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini ile sheria ya mila ya 1963 inayomwacha mjane bila fungu kwenye mali ya mumewe ndo watu wengi wanayoijua kichwani, hata kama hawajawahi kuiona karatasi yake. Baada ya baraza la pili mtu akaenda kupiga ramli kwa ajili ya mtoto aliyekuwa anaumwa, ramli ikamwangukia bibi. Haikupita miezi miwili. Polisi walikamata watu wanne, wakawaachia, ushahidi hakuna.

Nisieleweke vibaya, sisemi hao watoto wa shemeji ndo waliua, sijui na sitaandika nisichokijua. Ninachojua ni kwamba saivi wao ndo wanalima yale majaruba.

Kuna watu wananiambia kwani we ni Vicky Ntetema. Wengi tunamkumbuka, mwaka 2008 akiwa BBC alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaingia kwa waganga huku kwetu kuchunguza mauaji ya watu wenye ualbino, akatishiwa kuuawa mpaka ikabidi ajifiche. Nikimfikiria yeye naogopa, sitaki kudanganya. Mi nikitishiwa nitajificha wapi, nyumba ya mama inajulikana, kisima anachochota kinajulikana. Mama mwenyewe aliniambia nikiwa nafunga kamba za viatu, mwanangu, wewe utarudi Mwanza, mi nitabaki nao hawa.

Sina jibu la hilo. Nilikaa naye mpaka taa ikazimwa.

Lakini kuna jambo moja linaninyima usingizi kuliko majaruba. Kwetu ng'ombe akiibiwa saa nane usiku mwano unapigwa, yaani yowe la kuomba msaada, linapokelewa boma kwa boma, ndani ya dakika chache wanaume wote wako nje na marungu na tochi, na asiyetoka, Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wanamtoza faini. Nimeyaona hayo toka mtoto. Nyumba ya bibi na boma la karibu ni kama hatua mia mbili, na mtoto wa jirani, saivi ni kijana mkubwa, aliniambia bibi alipiga kelele muda mrefu. Muda mrefu, alirudia mwenyewe. Mwano haukupigwa.

Katibu wa Sungusungu mwaka ule alikuwa bamdogo, mdogo wake baba, aliyenisomesha fomu five na six kwa kuuza ng'ombe wake.

Nilimfuata zizini jioni, nikamsalimia, nikazunguka zunguka na habari za mvua, mwisho nikamuuliza. Bamdogo, usiku ule ulikuwa wapi? Akaendelea kufunga mlango wa zizi, akafunga, akaukagua, halafu akasema, "Nilisikia mbwa." Nikangoja. Akaingia ndani.

Juzi usiku kanipigia. Hajawahi kunipigia yeye, siku zote mi ndo napiga. Akauliza afya, akauliza kazi, tukakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akaniuliza Jumamosi nakuja? Nimemwambia nakuja.