Nilivyouweka ukungu wa Kilimanjaro kwenye fulana za wapagazi

Kikundi kimoja cha wapagazi hapa Moshi kilitaka fulana za sare: bluu nzito, mlima kifuani, Kibo kushoto na Mawenzi kulia kama tunavyouona kutoka mjini, na ukungu umeuzunguka kiunoni. Mlima wenyewe haukunisumbua. Kilichonipa kazi ni ukungu, kwa sababu hauna mpaka. Unaanza mzito, halafu huwezi kusema umeishia wapi. Kwenye kompyuta kitu cha namna hiyo kinatokana na gradienti (rangi inayobadilika taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine) na opasiti (kiasi ambacho rangi inafunika kilicho chini yake) zikifanya kazi pamoja, na zote mbili zina vituko vyake ambavyo huvijui mpaka uvijaribu.

Natumia Inkscape. Ni programu ya kuchorea ya bure, na faili zake ni za SVG, yaani michoro ya maumbo. Kabla sijagusa mchoro wa mteja nilifungua ukurasa mtupu nikatengeneza ubao wa majaribio: miraba minne, mweupe, mweusi, wa chungwa na wa bluu ileile ya fulana, kisha nikapitisha juu yake mikanda ya gradienti nyeupe. Watu wa kazi hii wengi wanajaribu juu ya ukurasa mweupe tu, na ukungu mweupe juu ya ukurasa mweupe hauwezi kukwambia kitu.

Ubao ule ulinionyesha mambo mawili mapema. La kwanza: kituo cha gradienti, yaani mahali unapoiwekea rangi na opasiti yake, kikiwa na opasiti sifuri bado kina rangi yake ndani, hata kama huioni. Ukitoka kwenye nyeupe kwenda kwenye nyeupe iliyofichwa, ukungu unafifia safi. Ukitoka kwenye nyeupe kwenda kwenye nyeusi iliyofichwa, katikati panatokea kijivu chafu, kwa sababu programu inachanganya rangi zote mbili njiani wakati opasiti inashuka. Juu ya mraba mweusi huoni tatizo lolote. Juu ya chungwa unaliona hapohapo. Inkscape yenyewe ukiianzishia gradienti kwenye umbo inakupa rangi ileile pande zote mbili, kwa hiyo uchafu huo huja pale unapoazima gradienti ya kazi nyingine au unapobadilisha rangi ya kituo kimoja na kukisahau cha pili.

La pili ni mawingu. Wingu nililichora kwa miduara iliyopandana. Kila mduara ukiupa opasiti ya asilimia 50, pale miwili inapokutana panakuwa asilimia 75, na ikikutana mitatu panafika 87.5. Badala ya wingu unapata miduara inayohesabika. Dawa yake ni kuiacha miduara yote ikiwa imejaa, kuifunga kundi moja kwa Ctrl+G, halafu kuipa opasiti kundi lenyewe. Hapo programu inalichora kundi kwanza kama kitu kimoja, ndipo inalififisha. Hesabu nyingine ya kukumbuka ni kwamba opasiti zinazidishana: kituo chenye asilimia 50 ndani ya umbo lenye asilimia 50 kinabaki na 25. Ukiona ukungu wako umepauka bila sababu, angalia kama hukuufifisha sehemu mbili.

Nikaweka ukungu mlimani, nikamwita kiongozi wa kikundi aje aone.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone." Akasogeza kiti, akaangalia kioo muda mrefu. "Ukungu wenyewe mzuri. Ila umeuweka juu mno. Unatoka msituni huu. Kibo iachie itoke juu safi, na Mawenzi usiimeze, wageni wataiulizia."

Alikuwa anaongea kitu anachokipita kila wiki. Upande wetu wa kusini msitu unashika takribani kati ya mita 1,800 na 2,800, na Kibo inafika 5,895, kwa hiyo ukungu unaotoka msituni una nafasi kubwa tupu juu yake. Nikaushusha, na badala ya gradienti ya vituo viwili nikaipa vitatu: hafifu chini, mzito katikati, hafifu tena juu. Mzee akasema sasa ndiyo.

Kwenye kioo kazi ilikuwa imekwisha. Fulana ni habari nyingine. Fulana za rangi nzito siku hizi mara nyingi zinachapwa kwa filamu: mashine inaweka rangi kwenye plastiki, inaweka wino mweupe juu yake, unanyunyiziwa unga wa gundi, unaivishwa, halafu pasi ya joto inauhamishia kwenye kitambaa. Kwa kuwa filamu inageuzwa, kwenye fulana ule wino mweupe ndio unaolala chini ya rangi na kushika kitambaa. Sasa mashine haina wino nusu. Sehemu yenye opasiti ya asilimia 30 inapata wino mweupe uliotawanyika kidogo kidogo, na unga wa gundi unaunasa pengine na kuuacha pengine. Nilichapisha kipande kidogo cha ukungu kama kilivyo, nikakibandika kwenye fulana kuukuu ya bluu, nikakifua kwa mkono na sabuni ya mche. Katikati palishika. Kingo, yaani ule ukungu hasa niliouhangaikia, zilitoka mabaka mabaka.

Kwa hiyo ufifio ilibidi ugeuzwe nukta: kila nukta imejaa asilimia mia, ila sehemu nzito zina nukta kubwa na sehemu hafifu zina nukta ndogo. Jicho linachanganya lenyewe. Inkscape ina kifaa cha kufanya hivi ambacho watu wengi hawakifungui, kile cha kupanga nakala kwa safu, kwenye menyu ya Edit chini ya Clone. Unachora duara moja dogo, unaliweka kwenye kona ya ukungu, kisha kwenye kichupo cha Trace unakiambia kisome opasiti ya kilicho chini na kuitumia kwenye ukubwa wa nakala. Duara langu lilikuwa na kipenyo cha milimita 1.5. Ukungu wa sentimita 24 kwa 6 ulitoa nukta 160 kwa 40, yaani 6,400, na laptopu yangu ikanyamaza kidogo kabla ya kuzitoa. Ukitaka nukta ndogo zaidi, jiandae kusubiri.

Kuna sharti moja hapa. Kifaa kinasoma opasiti ya vitu vyote vilivyopo chini kwa jumla. Kama umeacha mraba wa bluu nyuma ya ukungu, kila mahali kitasoma asilimia mia na nukta zote zitatoka sawa. Ukungu uwe peke yake kwenye ukurasa.

Ukubwa wa nukta unafuata opasiti moja kwa moja, na hapo ndipo pana mtego mzuri. Opasiti ya nusu inakupa nukta yenye kipenyo cha nusu, na nukta yenye kipenyo cha nusu ina robo tu ya eneo. Ndiyo maana ukungu wa nukta unaonekana mwepesi kuliko ule wa kwenye kioo. Kichupo hichohicho kina sehemu ya kurekebisha gama, yaani kupandisha au kushusha thamani za katikati. Nikaipandisha kidogo kidogo huku nikilinganisha na mchoro wa kwanza nikiwa nimerudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye meza, mpaka vikafanana.

Nukta ndogo sana nazo hazishiki. Kwenye mashine niliyotumia, zilizokuwa chini ya milimita 0.3 zilidondoka kwenye maji ya kwanza, kwa hiyo nikaondoa zote za chini ya kiwango hicho. Kingo za ukungu zinakatika ghafla ukiziangalia kwa karibu, ila fulana ikivaliwa hakuna anayeziona. Baada ya hapo nikazitenganisha nakala na duara mama, nikaziunganisha kuwa umbo moja, faili likawa jepesi likaenda kuchapwa.

Kikundi kiliagiza pia bango la turubai la kuweka mlangoni, mchoro uleule. Huko sikutumia nukta kabisa. Turubai ni jeupe na mashine yake haihitaji wino mweupe, kwa hiyo ukungu wa gradienti ulipita kama ulivyo, tena juu ya anga. Anga ndilo lilitaka uangalizi: bluu ikienda kwenye njano moja kwa moja inapitia kijivu katikati, kwa hiyo nikaingiza kituo cha waridi kati yao. Wakati wa kutoa PDF nikabadilisha namba moja: sehemu zilizofifishwa kwa kichujio cha Blur hugeuzwa picha, na Inkscape inazigeuza kwa nukta 96 kwa inchi usipoiambia vinginevyo. Nikaandika 300.