Baba alipoanza kusalimia kila mtu

Baba hakuwa mtu wa salamu ndefu. Alifanya kazi reli miaka thelathini, na kwake "salama" moja ilitosha. Kwa hiyo alipoanza kusimama kwa muuza kahawa kila akienda msikitini, akaulizia watoto, mbuzi na bei ya sukari, sisi hapo Ngamiani, Tanga, tulifurahi. Tukasema uzee umemlainisha.

Siku moja nikafuatana naye. Alisimama kwa muuza kahawa, na huku anaongea, mkono wa kulia umeshuka unabanabana shavu la mguu. Baada ya dakika mbili tatu tukaondoka. Kufika kwa fundi cherehani, salamu tena.

"Baba, mguu unauma?"

"Baridi yabisi tu hiyo, mwanangu."

Hata zahanati tuliyompeleka iliandika hivyo hivyo. Vidonge vya maumivu, dawa ya kuchua, rudi baada ya mwezi. Soksi hakuna aliyemvua.

Mimi nikaanza kuhesabu hatua kimoyomoyo. Kutoka mlangoni kwetu hadi anaposimama: 180. Kesho yake 175, Ijumaa 185. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka, kwa sababu baridi yabisi haipimi barabara. Viungo vikiuma humsumbua mtu hata akiinuka kitandani. Maumivu ya baba yalikuja akitembea, na yakaisha akisimama tu, bila hata kukaa. Nikayaandika yote kwenye daftari la mwanangu la hesabu, na safari ya Dar ilipopatikana nikalibeba.

Niseme ukweli, kichwani nilikuwa na picha moja tu ya ugonjwa wa mishipa, ya shangazi yangu. Yeye alivunjika mguu, akafungwa plasta ndefu, na ilipofunguliwa mguu ule mmoja ukavimba, ukawa wa moto na mzito. Tulitaka kumchua kwa mafuta ya karafuu. Bahati jirani yetu muuguzi akatukataza: damu imeganda ndani ya mshipa uitwao vena, na bonge likichomoka linaweza kwenda kuziba kwenye mapafu, mtu akaanza kuhema ghafla na kifua kumchoma. Shangazi alipewa dawa za kuzuia damu kuganda, akapona. Kwa hiyo mimi nikijua mshipa ukiziba, mguu unavimba. Mguu wa baba haukuvimba. Ulikuwa mwembamba, wa baridi, nywele za muundini zimepukutika.

Daktari wa Dar ndiye aliyenifungua macho. Ateri ndiyo inayoleta damu, vena inairudisha. Njia ya kurudi ikiziba, damu inajaa na mguu unavimba. Njia ya kuja ikiwa nyembamba, mguu unakaa na njaa. Ukiwa umepumzika kile kidogo kinatosha, lakini ukitembea msuli unadai zaidi na haupati, ndiyo unalia. Akamlaza baba, akamwinua miguu yote miwili. Unyayo wa kulia ukapauka kama umepakwa unga wa muhogo. Alipouning'iniza chini ya kitanda, ukaiva wekundu wa kiajabu. Mimi na baba tukatazamana.

Kisha akanifundisha kutafuta mapigo: nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, na juu, mgongoni mwa unyayo. Unaweka vidole viwili, si dole gumba, maana dole gumba lina mapigo yake na litakudanganya. Mguu wa kushoto niliyapata. Wa kulia nilitafuta hadi nikatoka jasho.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko nilivyodhani. Presha ya mkononi, 150. Presha ya kifundo cha kulia, 84. Unagawa: 0.56. Cha kushoto 0.8. Ikishuka chini ya 0.9, ateri za mguu zimepungua njia. (Wenye kisukari wajue kwamba ateri zao huweza kuwa ngumu, namba ikapanda uongo, kwa hiyo hupimwa na kwa njia nyingine.)

Baada ya hapo daktari akauliza swali lililonishangaza: "Mzee, umewahi kupoteza kuona jicho moja, dakika chache, halafu likarudi?"

Baba akakaa kimya. Kisha: "Kama pazia limeshushwa. Mara mbili. Nikadhani mtoto wa jicho."

Hakutuambia hata mmoja! Akapimwa shingo kwa utrasaundi, ikaonekana ateri ya upande wa jicho hilo nayo imejaa mafuta. Daktari akasema mguu ulikuwa unatoa habari za shingo na moyo. Pazia lile lilikuwa onyo la kiharusi, na likirudi, au mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, ni hospitali saa ile ile hata kama yamepita yenyewe. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu hivi, na kutoka kwetu hadi Dar hizo zinaishia njiani.

Tulirudi na aspirini, dawa ya kolesteroli na ya presha. Sigara aliacha kwa ugomvi, hilo nalipita. Kazi kubwa ilikuwa kutembea: atembee mpaka mguu uume hasa, apumzike, aanze tena, nusu saa, angalau mara tatu kwa wiki. Kila jioni nikamkagua vidole na kisigino, kwa sababu kidonda kidogo cha kandambili kwenye mguu usio na damu hakifungi. Maji ya moto ya kukandia nikayapiga marufuku, maana angeungua asijue.

Daftari liliendelea. Mwezi wa pili, hatua 240. Wa tano, 410.

Juzi muuza kahawa kanisimamisha, kanuna. "Mzee wako nimemkosea nini? Siku hizi ananipita kama hanijui."