Chumba kwa wasiokula nyama Leicester: uliza habari za jikoni kabla ya kodi

Kila ikikaribia Septemba wanafunzi wanaokuja huku Leicester, Uingereza, wananitumia matangazo ya vyumba niwaangalizie, na siku hizi mengi yameandikwa nyumba ni ya mavejiteriani au mavegani, na wao wanachouliza ni kodi bei gani na basi liko mbali au karibu. Mimi nawaambia hayo baadaye, mpigie mwenye nyumba umuulize jikoni kwake kukoje, maana hapo ndipo watu wanapogombana mpaka kuhamishana.

Kwanza mjue hawa watu sio wa aina moja. Mzungu vejiteriani mara nyingi anakula mayai na maziwa. Mgujarati vejiteriani, yaani Mhindi wa asili ya Gujarat, maziwa na samli ndio vyakula vyake lakini yai wengi wao hawaligusi, na akiwa Mjaini, wa ile dini ya Kihindi ya kutodhuru kiumbe, aliyeshika dini sana basi hata kitunguu, kitunguu saumu na viazi hali. Vegani hali kitu chochote kitokacho kwa mnyama, asali pia hataki, na wengi hawavai ngozi, kwa hiyo yale makubadhi mazuri ya Lamu uliyopanga kumletea zawadi mpe mtu mwingine, yeye mletee kahawa au kanga. Na huu mji una historia nao, Donald Watson aliyeanzisha Vegan Society, chama cha mavegani, na wenzake mwaka 1944 alikuwa katibu wa chama cha mavejiteriani cha hapa hapa Leicester.

Sasa Wagujarati wa upande wa Belgrave wengi ni watu wa kwetu. Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku, na wakaja. Mimi nilipanga kwa mama mmoja wa hao, kazaliwa Kisumu kaolewa Kampala, Kiswahili anakiongea mpaka leo. Siku nimeenda kuona chumba, viatu nimeacha mlangoni, hata ngazi hatujapanda akanipeleka jikoni akaanza kunifungulia kabati moja moja, dengu, unga, mitungi ya achari, na pembeni pale pana picha za miungu yao na kitaa cha samli kinawaka. Akaniambia, "Mwanangu, hapa nyama haiingii, samaki haingii, yai haliingii, hata ikiwa kwenye mfuko. Huko nje kula unachotaka, ukirudi nawa mikono, karibu mezani." Nikamjibu sawa mama, nimeelewa, ndio tukapanda kuangalia chumba.

Huyo ndiye mwenyeji, yaani kasema kila kitu kabla sijatoa hata senti. Wanaoniudhi ni wale wa "usijali, pika tu", halafu ukikaanga samaki anafungua madirisha yote na baridi hii ya Januari, kesho yake unakuta karatasi imebandikwa kwenye friji haina jina. Jambo likikukera mwambie mwenzio mdomoni. Na mgeni akiwa anakula usimfungulie mihadhara ya ng'ombe wanavyochinjwa, yeye kaja kuishi, kama anataka kujua atauliza.

Kwenye nyumba za kushea na mavegani kuna wanaokuruhusu kuleta nyama yako, ila hapo nunua sufuria yako, kikaango, mwiko na sponji, hasa sponji, watu wanaisahau. Nyama ikae kwenye kopo lenye mfuniko rafu ya chini kabisa isije ikachuruzika kwenye mboga za mtu. Sisi tuliokulia Mombasa hili halihitaji maelezo, sufuria iliyopikiwa nguruwe hata uioshe mara mia wali wako hupikii humo. Dagaa wakavu nao waacheni jamani, ile harufu inakaa kwenye mapazia.

Ukitaka kuwanunulia kitu cha kula pamoja, sheria ya hapa inataka maziwa na mayai yaandikwe kwa maandishi yaliyokolezwa kwenye orodha ya viungo, kwa hiyo hayo utayaona haraka, lakini asali na jelatini ya ng'ombe hazikolezwi, kwenye pipi laini soma neno kwa neno au tafuta ile alama ya ua la alizeti ya Vegan Society.

Na msiogope kwamba mtakufa njaa, chakula chetu kingi kiko hivyo tayari. Maharage ya nazi, mchicha wa nazi, kisamvu cha karanga, mihogo, viazi karai. Niliwapikia mavegani niliokaa nao baadaye mbaazi za nazi na mahamri ya tui, nimeacha tu maziwa ya unga, wakafuta sufuria kwa mkate.

Na nyinyi mnaowaalika kwenu wikendi, ile ya kumwambia mtu "chomoa nyama ule wali" acheni, pilau limepikwa na supu ya nyama, imeshaingia kila punje. Mpikie lake kwenye sufuria ndogo, viungo vile vile, viazi na njegere, mafuta ya kawaida badala ya samli, na mwiko wake peke yake, kachumbari mtakula wote.