Nilivyoacha kuwauliza watoto "tunajifunza nini?"

Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 6, na jioni wanakuja wa jirani watatu wanne hivi, umeme ukikatika ndo barazani kunajaa kabisa. Nilikuwa nawatolea hadithi kama bibi alivyotutolea sisi, paukwa, pakawa, afu mwisho nauliza "haya, tunajifunza nini?" wote kwa pamoja "tusiwe walafiii!" Hata hadithi isiyo na mlafi jibu ni hilohilo.

Kilichonibadilisha ni kima na papa. Kima yuko juu ya mkuyu kando ya bahari, anamrushia papa matunda, wanakuwa marafiki, siku moja papa anamwambia panda mgongoni twende kwetu. Wakifika katikati ya maji ndo anamwambia sultani wetu mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema ungeniambia mapema, sisi tukitembea mioyo tunaiacha mtini, turudi nikauchukue. Papa akageuza, kima akarukia mtini, akapona.

Yule wa miaka 6 akaniuliza, "Mama si ulisema tusiseme uongo? Mbona kima kadanganya na kapona?" Nilikosa jibu jamani, nkamwambia ngoja kesho.

Kesho yake nkaitoa tena ila nikasimama palepale katikati ya bahari. Mmoja nkamkalisha kwenye mbuzi ya nazi, ndo mgongo wa papa, nkamuuliza we ndo kima, unafanyaje? Akasema naruka naogelea, wenzake wakamkatalia, papa atakula wewe! Mwingine akasema atalia tu. Mkubwa wangu akasema yeye asingepanda kabisa, mtu gani anakualika kwao ghafla hivyo. Walibishana mpaka chai ikapoa, na wenyewe wakafika kwamba aliyeanza uongo ni papa, na kumdanganya anayetaka kukuua siyo sawa na kumdanganya mama kuhusu sukari. Hilo sikuwaambia mimi. Toka siku hiyo nauliza tu, nani kakosea, na kakosea wapi?

Kuna kitu kiliniuma lakini. Mtoto mmoja wa jirani anapenda kula, wenzake wakaanza kumwita fisi, na sauti za fisi mlafi walizitoa kwangu. Wiki nzima nkampa yeye awe sungura, na nkawaeleza fisi halisi anawinda pia, na mizoga anaimaliza mpaka mifupa, bila yeye porini kungenuka. Jina likafa taratibu.

Walifurahi pia nilipowaambia hadithi ya kima na papa ni ya zamani sana, mmisionari Mwingereza Edward Steere aliikuta Zanzibar akaichapisha 1870, na kule India inasimuliwa pia ila papa ni mamba. "Kwa hiyo ilikuja na jahazi?" Nkasema hata mi nahisi hivyo.

Sasa mwishoni mwa hadithi, kima akiwa mtini, papa anamwita mara ya pili, kima akamtolea kisa cha punda wa dobi, yule aliyeponea chupuchupu kwa simba afu sungura akamdanganya akarudi tena, akaliwa, sungura akasema huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudi. Juzi yule mdogo katoka shule, hata begi hajavua, "Mama, leo mwenzangu kaniomba tena penseli. Nkamwambia ile ya kwanza hujarudisha, mi siyo punda wa dobi."