Ninavyompima kwotabeki wa chuo kabla ya drafti ya NFL

Kwotabeki ni mrushaji mkuu wa mpira katika futiboli ya Marekani, na drafti ni zoezi ambalo timu za NFL, ligi ya kulipwa, huchagua wachezaji wanaotoka vyuoni. Kila mwaka naanza na swali lilelile: katika hayo anayoyafanya huyu kijana Jumamosi, siku ya mechi za chuo, yapi atahama nayo? Ukuta wa walinzi wake, wenzake wanaomkinga asiangushwe, unabaki chuoni. Wapokeaji wake wanabaki, kocha anayemchorea michezo anabaki, na zile timu dhaifu za mwanzo wa msimu nazo zinabaki. Anachoondoka nacho ni macho, miguu, mkono, na namna anavyoamua ndani ya sekunde mbili na nusu. Kazi yangu yote, tangu Januari hadi drafti mwishoni mwa Aprili, ni kukwangua vya wengine mpaka vibaki vyake.

Video kwanza, takwimu baadaye. Ukishajua kwamba alikamilisha asilimia 70 ya pasi zake, jicho lako linaanza kumtafutia sifa. Video ya televisheni haitoshi, maana kamera inafuata mpira na walinzi wa nyuma wa timu pinzani wanakatwa nje ya picha, kwa hiyo huwezi kujua aliona nini akakikataa. Kinachohitajika ni video ya makocha, inayopigwa kutoka juu na kuonyesha wachezaji wote 22, pamoja na pembe ya pili ya nyuma ya uwanja inayoonyesha miguu. Ukiikosa, tumia ya televisheni kupima miguu na wepesi wa mkono tu, na hukumu ya macho uiache.

Nachagua mechi 6. Mbili ni dhidi ya safu bora za ulinzi alizokutana nazo, moja ni aliyofungwa, moja ya ugenini (yenye mvua au upepo ikipatikana), moja ya msimu uliotangulia, na moja ya mwisho kabisa. Hapo unapata kama mara 200 alizorudi nyuma kurusha, na zinatosha kuona tabia yake. Vipande vya kusifia vinavyozunguka mitandaoni sivigusi mpaka daftari limejaa.

Daftari lina safu 8: dauni (ni jaribio la ngapi la kusogeza mpira) na yadi zilizobaki, mpira uko hashi ipi (safu mbili za alama katikati ya uwanja, ambako mchezo huanzia), wapinzani wangapi wamemjia, sekunde tangu mpira utolewe (apewe na mwenzake kuanza mchezo) hadi umwache mkono, amemrushia mpokeaji wa kwanza, wa pili au wa tatu katika mpangilio, miguu, mpira umefika wapi mwilini mwa mpokeaji, na matokeo. Safu zikizidi hapo utakuwa unajaza daftari badala ya kutazama mpira. Matokeo nimeyaweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo yanayodanganya zaidi.

Chukua mstari mmoja kama mfano: "3 na 9. Hashi ya kushoto. Watano. 2.8. Wa pili. Safi. Yadi 16, bega la nje. Umedondoshwa." Kabla mpira haujatolewa, walinzi wawili wa nyuma wamesimama sawa, kama wanaogawana uwanja nusu kwa nusu. Mpira ukitoka, mmoja anashuka katikati na mwenzake anazunguka kwenda juu. Mtu wa tano anakuja kutoka kushoto. Kwotabeki ameshaanza kumtazama mpokeaji wa kulia, anaona mlango umefungwa, anasogea nusu hatua mbele na kulia ili yule wa tano apite nyuma yake, mikono yote miwili ikiwa bado juu ya mpira. Kisha nyonga zinageuka kushoto na mpira unaondoka kabla mpokeaji hajageuza kichwa. Unafika kwenye bega la nje, mahali ambapo mlinzi hawezi kuufikia bila kumpitia mpokeaji. Mpokeaji anaudondosha. Kwenye takwimu hiyo ni pasi iliyopotea, ila kwangu ni moja ya pasi bora za msimu mzima. Kuna tachidauni (pasi iliyofika eneo la mwisho na kuleta alama) ya yadi 40 ambayo mpokeaji alilazimika kusimama kuusubiri mpira, na hiyo naiandikia alama mbaya bila kusita, kwa sababu mlinzi wa NFL angeuwahi.

Miguu inahitaji subira. Simamisha video pale mguu wa mbele unapotua. Hatua ikiwa ndefu mno, kiwiliwili kinabaki nyuma na mpira unapaa juu ya kichwa cha mpokeaji. Akirushia mguu wa nyuma huku akikwepa kugongwa, mpira unafika umelegea na umechelewa. Ndiyo maana kila pasi iliyopotea naigawa: imepotea kwa sababu ya miguu, au kwa sababu ya macho? Kosa la miguu kocha mzuri anaweza kulishughulikia. Kosa la macho, yaani kumrushia mtu ambaye mlinzi alikuwa anamsubiri waziwazi, ni gumu zaidi, na likijirudia katika mechi ya 1 na ya 6 naliona kuwa ni lake la kudumu.

Josh Allen ndiye mfano ninaourudia hapa. Chuo cha Wyoming alikamilisha asilimia 56 tu, Buffalo Bills wa NFL wakamchukua wa 7 katika drafti ya mwaka 2018, na mwaka 2020 akafikisha asilimia 69.2. Nikitazama video zake za chuo naona mipira mingi iliyopotea ikiwa na alama ya miguu. Hata hivyo usimfanye Allen kuwa kanuni. Wenye mkono mkubwa na asilimia ndogo ni wengi, na wengi wao hawakurekebishika. Kilichomtofautisha ni kwamba ungeweza kuonyesha kwa kidole mahali kosa lilipoanzia.

Safu ya hashi watu wengi hawaijazi, nami naiona kuwa ya lazima. Uwanja una upana wa futi 160, karibu mita 48.8, chuoni na NFL vilevile. Ila alama za hashi chuoni zimeachana futi 40, wakati NFL zimeachana futi 18 na inchi 6. Mpira ukiwa hashi ya kushoto chuoni, kutoka hapo hadi mstari wa pembeni kulia ni mita 30.5, na hadi ule wa kushoto ni mita 18.3. NFL, kutoka hashi hiyohiyo, ni mita 27.2 na mita 21.6. Maana yake pasi ya kwenda upande mpana ni ndefu zaidi chuoni, kwa hiyo anayeipiga kwa mstari ulionyooka, yadi 15 mbele na hadi pembeni, amekwisha kuthibitisha mkono wake. Lakini upande mwembamba chuoni ni mita 3.3 mfupi kuliko atakaoukuta. Kijana ambaye pasi zake za pembeni zote zimeelekea upande mwembamba anaweza kuwa amefichiwa mkono dhaifu na kocha wake, na hutalijua hilo kwenye takwimu zozote za kawaida.

Sasa takwimu, nazo zinahitaji kusafishwa. Anza na pasi alizorusha nyuma ya mstari wa mchezo (pale mpira ulipowekwa kuanza mchezo), zile fupi za pembeni ambazo mtoto wa sekondari angezikamilisha. Tuseme amerusha 400, zikashikwa 272, yaani asilimia 68. Ukitoa 80 za nyuma ya mstari, ambazo 74 zilishikwa, zinabaki 198 kati ya 320: asilimia 61.9. Toa pia 15 alizotupa nje kwa makusudi kuokoa mchezo, maana huo ni uamuzi mzuri na haufai kumwadhibu: 198 kati ya 305, asilimia 64.9. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na ya mwenzake, kisha uigawe kwa umbali: chini ya yadi 10, yadi 10 hadi 19, na 20 kwenda juu. Kundi la katikati ndilo ninaloliamini zaidi.

Za kukimbia nazo zina mtego. Chuoni, kwotabeki akiangushwa kabla hajarusha, yadi alizopoteza zinakatwa kwenye mbio zake; NFL zinaandikwa kando. Karatasi ikisema mbio 90 kwa yadi 140, angalia aliangushwa mara ngapi. Kama ni mara 28 kwa hasara ya yadi 190, amekimbia kweli mara 62 kwa yadi 330. Huyo wa kwanza anaonekana mzito, wa pili anapata zaidi ya yadi 5 kila mbio, na ni mtu yuleyule.

Namba ninayoipa uzito kuliko zote ni hii: kati ya mara alizobanwa na ulinzi, ameangushwa ngapi? Chini ya asilimia 15 naridhika. Ikipita 20 narudi kwenye video. Wengi huulaumu ukuta wa walinzi, na ukuta unachangia kubanwa, lakini kubanwa kukageuka kuwa kuangushwa, hapo mwenye mpira ana sehemu kubwa, kwa sababu yeye ndiye anayeshika saa. Shedeur Sanders aliangushwa mara 52 mwaka 2023 na mara 42 mwaka 2024 akiwa chuo cha Colorado. Ukuta ulikuwa mbovu kweli, na pia yeye alikuwa na mazoea ya kurudi nyuma zaidi na zaidi akitafuta mchezo mkubwa, hivyo walinzi wake wakawa wanalinda mahali ambapo hayupo tena. Caleb Williams alijulikana chuo cha USC kwa kukaa na mpira, na msimu wake wa kwanza NFL na Chicago Bears, 2024, aliangushwa mara 68. Tabia hii inahama na mtu. Usipoipima utashangaa Septemba, msimu wa NFL ukianza.

Waliomzunguka wamsaidiaje? Hapa kuna kosa la pande mbili: kumsifu kwa wasaidizi wake au kumwadhibu kwa sababu yao. Joe Burrow mwaka 2019 chuo cha LSU alikuwa na wapokeaji Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, akarusha tachidauni 60 na kukamilisha asilimia 76.3. Mac Jones mwaka uliofuata Alabama alikuwa na mpokeaji DeVonta Smith, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa chuo, akakamilisha asilimia 77.4. Takwimu zinakaribia kuwa pacha. Njia ninayotumia ni kuchuja: acha pasi zote ambazo mpokeaji alikuwa huru, baki na zile ambazo mlinzi yuko hatua moja tu, na zile ambazo mpokeaji wa kwanza alifungwa. Kwa Burrow ukichuja hivyo unabakiwa na kurasa. Kwa Jones zinabaki chache, maana alikuwa hahitaji kuzirusha. Uchache huo si dosari, ila unapunguza uhakika wangu, na nauandika hivyohivyo.

Vipimo vya Indianapolis, ambako NFL huwapima wachezaji kabla ya drafti, huja baada ya hayo yote. Urefu huandikwa kwa tarakimu 4: 6015 ni futi 6, inchi 1 na sehemu 5 kati ya 8. Bryce Young alikuwa 5101 mwaka 2023, na bado alichaguliwa wa kwanza. Mfupi namhesabia mipira iliyopigwa na walinzi pale mstarini, na kama anajua kusogea kutafuta uwazi kati ya vichwa. Kiganja hupimwa kimetanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Cha Kenny Pickett kilikuwa inchi 8 na nusu, cha Burrow inchi 9. Kiganja kidogo kinanirudisha kwenye mechi za mvua na kwenye mipira iliyomponyoka, basi. Peke yake hakinipi jibu. Mbio za yadi 40 karibu sizitazami. Tom Brady alitumia sekunde 5.28, akachukuliwa wa 199 mwaka 2000.

Siku ya maonyesho chuoni haina ulinzi, ina wapokeaji wake mwenyewe na pasi alizozifanyia mazoezi kwa wiki kadhaa. Zach Wilson alirusha moja mwaka 2021 akikimbilia kushoto, mpira ukaruka mbali sana, na watu hawakuzungumza kingine mpaka drafti. Mazoezi ya Senior Bowl, mechi ya wachezaji wa chuo wanaoelekea drafti, kule Mobile, Alabama, yana faida zaidi kuliko hata mechi yenyewe, kwa sababu pale anapewa michezo mipya na wachezaji asiowajua, na una siku tatu za kuona anavyojifunza.

Jambo la mwisho kwenye karatasi ni idadi ya mechi alizoanza na umri. Mitchell Trubisky alikuwa na mechi 13 alipochukuliwa wa 2 mwaka 2017, na Anthony Richardson 13 alipochukuliwa wa 4 mwaka 2023. Mechi 13 hazikupi hata mara 200 safi za kuhukumu dhidi ya ulinzi mzuri. Upande wa pili yuko Brandon Weeden, aliyekuwa na miaka 28 alipochaguliwa mwaka 2012: mtu mzima akicheza na vijana wa miaka 19 anaonekana mtulivu kuliko alivyo.

Daraja nalifunga kabla ya Indianapolis, na baada ya hapo najiruhusu kulibadilisha ngazi moja tu, tena kwa sababu iliyoandikwa. Haliwi namba. Ni sentensi tatu: anafanya nini leo, nini kirekebishwe na kocha wa aina gani, na ataangukia wapi akiangukia. Misimu 3 ikiisha, wakati timu inapotakiwa kuamua juu ya mwaka wa 5 wa mkataba wa mchezaji wa raundi ya 1, nalifungua tena daftari na kutafuta safu iliyonipoteza. Ninapokuta nimempandisha mtu asiyestahili, sababu mara nyingi ni hiyohiyo: miguu ilikuwa na alama mbaya tangu mechi ya 2, nikaisamehe kwa ajili ya mpira uliopaa yadi 60.